Barabara ikishapigwa lami umechelewa: jibu kwa muuza maziwa wa Mbeya

"Shikamoo mzee. Niko Mbeya upande wa Uyole, nauza maziwa kwa baiskeli, naanza kuzungukia wateja saa kumi na moja alfajiri. Pia ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi hapa mtaani. Barabara yetu ya mtaa ilipigwa lami mwaka juzi, tulishangilia kweli, ila sasa magari na bodaboda wanapita kama wanakimbizwa, pembeni kuna mtaro wazi unaonifika kiunoni, pa kutembea hakuna, watoto wanapita humohumo barabarani. Mwezi wa tatu mtoto wa darasa la pili kagongwa na bodaboda akavunjika mguu. Nimezunguka ofisi tatu, kila moja inanielekeza kwa mwenzake. Wazazi wanataka tuchange saruji tujenge matuta wenyewe. Mwenyekiti wa mtaa anasema tudai daraja la juu. Jirani yangu ananicheka tu, anasema Mbeya ni milima, baiskeli zinakufa, nani atapanga mji kwa ajili ya kitu kinachokufa. Hivi halmashauri huwa inapanga kweli kwa ajili ya mtu wa miguu na baiskeli au tunapotezeana muda? Na matuta tujenge au tusijenge?"

Marahaba kijana wangu, na ndaga fijo kwa kuandika kirefu, maana wengi wananitumia "mzee barabara yetu mbovu" halafu basi, nabaki kubahatisha. Pole sana kwa mtoto, naamini mfupa umeunga vizuri na ameanza kukimbia na wenzake.

Nianze na matuta kwasababu najua saruji ikishafika, Jumamosi moja tu inatosha. Msijenge. Siwatetei wenye ofisi hapa, na tuta sio kitu kibaya, ni dawa nzuri tu, shida ni tuta linalojengwa kwa hasira. Tuta la kitaalamu lile la mviringo lina upana wa kama mita 3.7 na kimo cha sentimita 10 tu, yaani liko kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, gari likija na spidi 30 linapanda na kushuka bila shida, likija na 60 linamrusha dereva mpaka kichwa kinagusa dari. La mtaani huwa limesimama kama tofali. Sasa piga picha, saa mbili usiku, mvua, hakuna rangi wala kibao, kijana wa bodaboda anatoka kumshusha abiria, analikuta mbele ya tairi, na huyo kijana sio mgeni, ni wa hapohapo mtaani. Wewe mwenyewe na madumu yako ya maziwa alfajiri utalilaani. Kuna lingine watu huwa hawalifikirii, tuta likikatiza mpaka ukingoni kabisa linazuia maji, na mvua za Mbeya unazijua, maji yakituama wiki mbili lami inaanza kumeguka na hiyo barabara mliyoshangilia inarudi kuwa mashimo. Na sheria nayo ipo, barabara ina mwenyewe, Sheria ya Barabara ya 2007 hairuhusu mtu kujenga wala kuchimba kitu pale bila kibali cha mwenye barabara. Mkijenga, mtu akaumia, wa kwanza kuitwa polisi ni kamati ya shule, yaani wewe.

Huyo mwenye barabara ndo chanzo cha wewe kuzungushwa. Sio lazima wanakukwepa (wengine wanakukwepa, tusidanganyane), ila kweli kazi yenyewe imegawanywa vipandevipande. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na hiyo ya Tanzam inayotoka Dar inapita Iringa, Makambako, Uyole, Mwanjelwa mpaka Tunduma ni mali yao. Barabara za wilaya na za mitaa ziko TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 chini ya TAMISEMI, zamani zilikuwa za halmashauri na mainjinia walikuwa wa halmashauri, wakahamishwa. Halmashauri ya jiji imebaki na ardhi, viwanja, ramani, mpango kabambe, masoko, vibali vya ujenzi, kuwapanga machinga na mapato ya ndani. LATRA wana leseni za daladala na bajaji. Kusimamia spidi ni jambo la trafiki. Sasa mtu anayetembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake mpaka sokoni anakanyaga mali ya ofisi zote hizo ndani ya dakika kumi na tano, na hakuna hata moja ambayo ukiingia utakuta mlango umeandikwa "waenda kwa miguu". Gari lina ofisi, miguu haina. Kwahiyo kabla hujatoka tena nyumbani jua barabara yako ni ya nani. Ya mtaa, ambayo haijapandishwa hadhi kuwa ya mkoa, ni TARURA, na wa kumuona ni meneja wao wa wilaya. Wanayo orodha, watakuonyesha jina lake na urefu wake.

Sasa swali lako kubwa, hivi wanapanga kweli? Wanapanga. Ila wanampangia yule waliyemhesabu, na hapo ndo penye ugonjwa wenyewe.

Barabara haianzi na katapila, inaanza na jedwali. Injinia anatuma vijana wanakaa pembeni wanahesabu vyombo, lori ngapi, kosta ngapi, magari madogo, pikipiki, halafu namba hizo ndo zinaamua upana wa lami, unene wa kokoto chini yake, kila kitu. Mara nyingi kwenye lile jedwali lori lina mstari wake, bajaji ina mstari wake, ila mama anayetoka na beseni la ndizi kichwani na mtoto mgongoni hana mstari. Akishakosa mstari kwenye jedwali anakosa nafasi kwenye mchoro, akikosa kwenye mchoro anakosa kwenye gharama, na mkandarasi hawezi kujenga kitu ambacho hakijaandikwa kwenye mkataba wake hata umpigie magoti. Ndomana mtaa wenu una lami nzuri na mtaro mzuri na hauna pa kukanyaga. Hakuna mtu aliyekaa akaamua watoto wapite barabarani. Walisahaulika tu, mapema kabisa, kwenye karatasi.

Nakwambia haya na mimi mkono wangu sio msafi. Miaka ya nyuma nikiwa afisa mipango kwenye halmashauri moja ya huku nyanda za juu, sitaitaja, nilichora njia ya miguu safi kabisa, upana mzuri, na mti kila baada ya hatua kadhaa, nikaiweka upande wa kushoto kwasababu kwenye ramani upande huo ulikuwa wazi hauna nguzo za umeme. Ikajengwa. Baada ya mwaka narudi nakuta majani yameota katikati, mbuzi wanakula, na watu wote wanatembea upande wa kulia kwenye vumbi wanakwepana na bajaji. Nikasimama pale kama zuzu. Ikabidi nimuulize mama mmoja aliyekuwa anauza vitumbua, akanijibu bila hata kuniangalia, "Baba, kisima kiko huku, shule iko huku, zahanati iko huku, huko kwako kuna nini?" Kesho yake nikaenda na kistuli na daftari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikakaa karibu na vitumbua vyake nikahesabu. Watoto wenye fagio na vidumu vya maji, wanawake wa sokoni, mafundi na vifaa vyao, mzee mmoja anasukuma baiskeli ina mikungu mitatu ya ndizi. Kurasa nne zilijaa kabla ya saa mbili. Magari yaliyopita muda huohuo yalienea nusu ukurasa. Hizo kurasa nne zilinifundisha kuliko mchoro wote niliouchora.

Kwahiyo kitu cha kwanza nakuomba ufanye hakihitaji hela. Hesabuni. Kamati ya shule mko watu kadhaa, gawaneni, siku mbili za kawaida na moja ya soko, asubuhi kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 2, mchana muda watoto wanatoka, na jioni. Chora mistari kwenye daftari: watoto, watu wazima wa miguu, wenye mizigo, wenye ulemavu, baiskeli inayoendeshwa, baiskeli inayosukumwa, bodaboda, bajaji, gari, lori. Andika na wanapovukia, sio pale unapofikiri wanatakiwa kuvukia, pale wanapovukia kweli. Alafu pimeni spidi, na hili mnaweza bila kifaa chochote cha polisi. Chukua futi kamba ya fundi pima mita 100 pembeni ya barabara, weka jiwe mwanzo na jiwe mwisho, shika simu washa saa ya kuhesabu sekunde. Gari likimaliza hizo mita 100 kwa sekunde 12 liko kwenye spidi 30. Likimaliza kwa sekunde 7 na kidogo liko 50, ambayo ndo mwisho wa kisheria kwenye makazi. Likimaliza kwa sekunde 5 liko 72, na hapo huna haja ya kubishana na mtu, una karatasi.

Kwanini nakazania spidi? Watu wanadhani 30 na 50 ni tofauti ndogo. Nguvu ya gari kugonga haiongezeki kwa kujumlisha, inakwenda kwa spidi kuzidishwa mara yenyewe, kwahiyo kutoka 30 kwenda 50 ile nguvu inakaribia mara tatu. Na kusimama ni hivyohivyo, dereva makini kwenye lami kavu akiwa 30 anahitaji kama mita 13 toka aone mtoto mpaka asimame, akiwa 50 anahitaji kama 28. Mtoto aliyeko mita 15 mbele, wa kwanza anasimama kabla hajamfikia, wa pili anamfikia akiwa ndo kwanza ameanza kukanyaga breki. Dereva ni huyohuyo, gari ni lilelile. Shirika la Afya Duniani wanasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kama asilimia 4, na ndomana wanashauri 30 sehemu zenye watoto na watu wa miguu wengi. Mtaa wenu kabla ya lami ulikuwa na tuta la asili, yale mashimo. Lami imeondoa mashimo na haikuweka kitu mbadala, basi kila mtu akakanyaga mafuta.

Kwa shule yenyewe hakuna haja ya kugundua kitu kipya. Dar kuna kazi ilifanyika ya shirika la Amend, programu yao inaitwa SARSAI, mpaka ikapata tuzo ya miji ya WRI, taasisi ya utafiti ya kimataifa, mwaka 2019, na ukiangalia walichofanya ni vitu vya kawaida mno, njia fupi ya miguu kuelekea getini, vinguzo vya kuzuia magari na pikipiki visipande kwenye njia hiyo, matuta ya kitaalamu, zebra, vibao, na shule nyingine wakahamisha geti tu kutoka upande wa barabara yenye fujo kwenda upande uliotulia. Hilo la geti naomba ulifikirie leoleo. Kama shule yenu ina upande wa nyuma unaotokea kichochoro cha kawaida, kuhamisha geti ni kazi ya kamati yenu na mwalimu mkuu, hakuna TARURA wala nani, ni fundi na tofali. Ila hakikisheni huko nyuma napo sio msituni, maana kumkimbiza mtoto kwenye gari ukampeleka kwenye kichochoro kisicho na macho ya watu nalo ni tatizo.

Daraja la juu la mwenyekiti sasa. Namuelewa, daraja linaonekana, linapigwa picha, lina uzinduzi. Lakini kwa barabara ya mtaa ni kumchinja kuku kwa panga la kufyekea. Chini ya daraja lori linahitaji nafasi ya mita 5 na zaidi, maana yake unapanda ngazi kama za ghorofa mbili, ndoo ya maji kichwani, alafu unazishuka, kwa ajili ya kuvuka barabara ya hatua kumi. Watu hawatapanda. Watapita chini, na sasa hivi dereva atasema "si wana daraja lao" na ataongeza mwendo. Mwenye kiti cha magurudumu ndo kabisa, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo inataka miundombinu ya umma ifikike. Daraja lina mahali pake, kwenye barabara pana ya kasi isiyo na namna ya kusimamisha magari, na ile njia nne inayopita jijini kutoka Nsalaga kwenda Ifisi kuna sehemu ningekubali mjadala huo, japo hata pale mi ningeanza na kisiwa cha katikati, mtu avuke nusu, asimame salama, avuke nusu nyingine. Kwenu ninyi inatosha zebra iliyoinuliwa, yaani tuta pana lenye mgongo bapa na zebra juu yake, mtoto anavuka juu gari ndo linapanda kumfuata. Zebra tupu ya rangi bila kuinua, nitakuwa muongo nikikwambia inasaidia sana, kwa madereva wetu rangi ni mapambo.

Mtaro. Hapa nina hamu ya kukwambia "funikeni" lakini nisikilize kwanza. Kufunika mtaro ndo njia rahisi ya kupata pa kutembea kwenye barabara ambayo imeshajengwa, kwasababu nafasi imeshaliwa, huwezi kusogeza nyumba za watu. Slabu za zege juu, unapata njia, ikifika mita 1.8 viti viwili vya magurudumu vinapishana au mama wawili wenye mizigo. Ila mtaro uliofunikwa vibaya ni mbaya kuliko ulio wazi. Slabu lazima iwe ya kuinulika na watu wawili au watatu ili mtaro usafishwe, vinginevyo taka zinajaa chini hamzioni mpaka siku mvua inaingia sebuleni kwako. Na sehemu zinazowekwa nondo za kupitisha maji, nondo zilale kukatiza mwelekeo wa safari, zisilale kufuata mwelekeo, maana tairi ya baiskeli inaingia katikati na kuganda, wewe unaendelea na safari peke yako kupitia juu ya usukani. Nishaona mtu ameng'oka meno mawili hivyo. Waambie injinia hilo kwa mdomo wako, wengi hawaendeshi baiskeli hawalijui. Kama hela haitoshi kufunika mtaro wote, anzeni na kipande cha geti la shule mpaka njia panda ya kwanza, ila kiwe kinaungana mwanzo hadi mwisho, njia ya miguu inayokatika katikati ni sawa na daraja lililokatika katikati.

Jirani yako na milima yake. Mwambie achukue gari la Rujewa au Ubaruku, kule Usangu tambarare, aone kama baiskeli zinakufa. Kwa Mbeya mjini ana hoja kidogo, tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na barabara zetu zinapanda na kushuka, Iringa nao ni hivyohivyo, mji uko juu Ipogolo iko chini. Lakini mlima haufuti baiskeli, unabadilisha namna ya kuipangia. Mtu anayepanda na mzigo anakwenda mwendo wa kutembea, na baiskeli ikienda taratibu inayumba, kwahiyo anayepanda anahitaji nafasi pana kuliko anayeshuka. Anayeshuka anakwenda karibu sawa na bodaboda, huyo ukimpanga kwenye njia moja na watoto wa shule atawaua, hasa mvua ikinyesha maana hizi breki zetu za mpira kubana rimu zikilowa hazishiki. Kwahiyo barabara yenye mwinuko na nafasi finyu, upande wa kupanda weka bega pana (ule ukingo wa pembeni ya njia ya magari), upande wa kushuka acha baiskeli ichanganyike na magari yaliyopunguzwa mwendo. Na wale wanaosukuma wahesabiwe kama baiskeli, tena wanahitaji nafasi zaidi, mtu na baiskeli yake kwa pembeni anakula zaidi ya mita moja na mikungu ikiwepo ndo usiseme.

Njia maalum ya baiskeli iliyochorwa kwa rangi kwenye barabara yenye maduka, mi nisingekushauri muidai. Najua inapendeza. Ndani ya wiki itakuwa kituo cha bajaji na meza za machinga, na siwalaumu, 2021 machinga waliondolewa pembeni za barabara nchi nzima na sehemu nyingi wakarudi kwasababu wateja wanatembea palepale. Mpango unaojifanya hawapo unashindwa. Kwa safari zako za alfajiri nadhani unachohitaji ni vitu viwili, bega la lami lisilo na ngazi ya kushuka ghafla kwenye barabara kubwa, na njia ya kupita ndani kwa ndani mitaani iliyounganishwa, vivuko viwili vitatu vya miguu juu ya vijito ambavyo baiskeli inapita na gari haipiti. Hivyo vivuko vidogo hata Mfuko wa Jimbo unaweza kuvigusa, mbunge ndo mwenyekiti wa kamati yake, na vina bei ambayo haimtishi mtu.

Hela sasa, maana utaambiwa bajeti hakuna. Pia utaambiwa mtu wa miguu hachangii barabara. Kwenye kila lita ya mafuta kuna tozo ya Mfuko wa Barabara, na 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya hizi barabara za TARURA. Unga wako, nauli ya mkeo, sabuni, vyote vimesafirishwa kwa mafuta hayo, kwahiyo unachangia, tena bila risiti. Wenzetu wengine wameamua kuliandika kabisa, jimbo la Oregon kule Marekani tangu 1971 sheria yao inataka barabara ikijengwa au ikijengwa upya iwekwe njia ya miguu na baiskeli, na angalau asilimia 1 ya fedha za barabara iende huko. Nairobi 2015 wakaandika sera ya asilimia 20, ukienda leo kuna mitaa wamejenga vizuri sana na mingine bado unaruka madimbwi. Mi nikilinganisha naona ile ya Oregon imekaa vizuri, sio kwasababu ya hiyo asilimia, ni kwasababu inashika barabara wakati inajengwa. Slabu na njia ukiziweka pamoja na lami ni sehemu ndogo ya mkataba, ukirudi miaka miwili baadae ni mradi mpya, tangazo jipya la zabuni, mkandarasi mpya.

Na hapo kuna kalenda, ambayo nahisi ndo iliyokuangusha. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bunge linapitisha kati ya Aprili na Juni. Baraza la madiwani linakuwa limeshakaa miezi kabla ya hapo, na vipaumbele vya mitaa na kata vinakusanywa kuanzia kama Novemba. Mtoto kagongwa Machi, wewe umeenda ofisini labda Aprili, umekuta chungu kimeshaepuliwa, cha kukupakulia ni maneno tu. Wiki hii anza kuhesabu. Hesabu iingie mkutano wa mtaa, iandikwe kwenye muhtasari, usikubali kuambiwa "tumekusikia", omba uone imeandikwa. Muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, wengi mnaiita WDC, pale diwani ndo mwenyekiti na mtendaji wa kata ndo katibu, wote mnawajua kwa sura. Diwani aupeleke Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Nakala yenye muhuri ipelekwe kwa meneja wa TARURA sambamba, usisubiri imfikie yenyewe. Na muulizeni diwani kama mtaa wenu unaguswa na TACTIC, ule mradi wa kuboresha miji kwa fedha za Benki ya Dunia, Mbeya imo, miradi ya hiyo benki huwa na kamati ya malalamiko na malalamiko yale yanaandikwa na kujibiwa. Omba kitu kidogo chenye jina: zebra moja iliyoinuliwa getini, matuta mawili, na slabu za kipande fulani kuanzia nguzo hii hadi nguzo ile. Ukiomba "barabara salama" utapewa semina.

Kuna mambo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza, hayo nenda na watu. Kama mtaro umeanza kula ukingo wa lami, au slabu zinacheza, mhandisi lazima aje saiti aone kwa macho, mwambie mpange siku na mwende nae asubuhi muda wa watoto, sio saa sita mchana mtaa umelala. Kama kuna mtu kajenga ndani ya hifadhi ya barabara, msianze ugomvi wa kupima kwa hatua, afisa ardhi na mpima wa halmashauri ndo wenye kuweka alama, na kwa taarifa yako ile mita 30 kila upande mnayoisikia ni ya barabara kuu na za mkoa, msiende kumtisha nayo bibi wa watu kwenye barabara ya mtaa. Na kwa yule mtoto, kama PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) ilichukuliwa na taarifa ipo polisi, mzazi aende kuulizia jalada limefikia wapi, na kama ajali haikuandikishwa kabisa muoneni mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, kwasababu ajali isiyoandikwa nayo ni kama haikuhesabiwa, injinia akiuliza "hapa kuna ajali?" kitabu kitasema hakuna. Hukohuko ombeni trafiki waje shuleni wafundishe watoto wakubwa kuvusha wadogo, hiyo haisubiri bajeti, inaweza kuanza Jumatatu.

Ukimaliza kuhesabu nitumie picha za daftari, hata kama mwandiko mbaya nitasoma. Na uniandikie geti liko upande gani wa barabara na maji ya kunywa watoto wanayatoa upande gani, nisije nikarudia lile kosa la vitumbua.